Jinsi ya kutafuta na kuomba kuingia jaribio la tiba kwa mgonjwa asiyemeza vizuri, ukiwa Moshi au Arusha

Mama yangu ugali ulianza kumkwama wakati wa mavuno. Tukahamia makande ya kupondwa, kisha mtori, na watoto walipopanda mlimani kwa Krismasi hata mtori ulikuwa unachujwa. Nimehangaika miezi minne kumtafutia jaribio la tiba, yaani utafiti unaopima tiba kwa wagonjwa wenyewe, litakalompokea. Wiki saba kati ya hizo, na zaidi ya laki nne, zilipotea kwa sababu ya karatasi moja. Naandika ili mgonjwa wako asipoteze wiki kama hizo, maana mtu asiyemeza anapungua kila siku mbele ya macho yako.

Kwanza, pata jina la ugonjwa. Kukwama chakula ni dalili tu, na jaribio la tiba hupokea ugonjwa uliothibitishwa. Anayepaliwa na maji baada ya kiharusi, mwenye akalasia ambaye mlango wa chini wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) haulegei, aliyeungua umio kwa kunywa kemikali, na mwenye saratani ya umio, wote watakwambia chakula hakishuki, lakini kila mmoja ana mlango wake. Ukiwa Arusha utaanzia Mount Meru au hospitali iliyo karibu nawe, kisha rufaa ya kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi. Vipimo vyenyewe ni picha ya kunywa dawa nyeupe ya bariamu na mpira wa kamera, yaani endoskopi.

Hapa ndipo tulipoumia, kwa hiyo nisomeni taratibu. Siku ya endoskopi mama alikatwa kipande kidogo cha nyama ya umio ili kipimwe, ndicho wanachokiita kinyama, tukapewa ripoti iliyosema kuna uvimbe unaofanana na saratani. Nikaiweka kwenye bahasha nikaamini kazi imekwisha. Kumbe ile ni ripoti ya alichokiona daktari kwa macho. Jaribio linataka majibu ya kinyama kutoka patholojia, yaani maabara inayokipima kwa hadubini, ambayo ni karatasi nyingine, ya maabara nyingine, inayotoka siku nyingine. Nilipompigia muuguzi wa utafiti mmoja Nairobi akaniuliza kama ninayo majibu ya kinyama, nikajibu ninayo, nikamsomea ya endoskopi. Simu ilikuwa inakatika, hakunielewa wala mimi sikumwelewa. Tukapanda basi, tukavuka Namanga, mama akiwa amejikunja kwenye kiti na chupa ya uji mkononi, tukafika na kuambiwa bila patholojia hawawezi hata kumfungulia faili. Waliongea nasi kwa heshima. Haki ilikuwa yao.

Tuliporudi, majibu hayakuonekana. Faili lilikuwa na jina la mama la ndoa, chupa ya sampuli iliandikwa jina lake la ubatizo pamoja na la baba yake, na majibu yalikuwa yamelala kwenye rafu muda mrefu yakisubiri mgonjwa ambaye kwa jina hilo hakuwepo. Kwa hiyo daktari akisema anachukua kinyama, uliza hapo hapo mambo manne: kinaenda maabara ipi, kimepewa namba gani, kimeandikwa jina gani, na majibu yanafuatwa wapi na lini. Andika kwenye daftari. Hakikisha jina ni lile lile la kitambulisho cha NIDA na la bima. Siku ya kuchukua majibu uliza pia kama maabara imehifadhi kipande cha nyama kwenye nta, kwa sababu baadhi ya majaribio hukihitaji ili wakipime wenyewe.

Sasa kutafuta. Ziko daftari mbili za wazi ambazo hazidai hata senti: ClinicalTrials.gov ya Marekani, na ile ya Afrika, Pan African Clinical Trials Registry, inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Ya kwanza kila jaribio lina namba inayoanza na NCT, ya pili inaanza na PACTR. Andika ugonjwa kwa Kiingereza kwa tahajia zote mbili, "esophageal" na "oesophageal", na ujaribu pia "dysphagia" na "achalasia". Chagua Tanzania, kisha Kenya, maana kutoka Arusha Nairobi ni karibu kuliko Dar. Tafuta neno "Recruiting", yaani bado wanapokea watu. Halafu shuka hadi tarehe ambayo taarifa ilirekebishwa mara ya mwisho. Kama imepita zaidi ya mwaka, usipange safari kabla hujaongea na mtu.

Soma vigezo vya kupokelewa na vya kukataliwa neno kwa neno, ukiwa na faili la mgonjwa pembeni. Umri, uzito, wingi wa damu, figo, na tiba alizokwisha kupata. Angalia pia ni utafiti wa aina gani. Huku kwetu tafiti nyingi za umio zimekuwa za kutafuta chanzo. Ule wa ESCCAPE, kwa mfano, uliochukua wagonjwa Eldoret ya Kenya, Moshi na Blantyre ya Malawi, uliuliza watu habari za maisha yao na kuchukua sampuli. Haukuwa wa kugawa tiba. Tafiti hizo zina thamani kubwa, na mama akiulizwa chai yake huinywa ya moto kiasi gani nitamwambia ajibu kwa ukweli. Ila usimpeleke mgonjwa kwenye dodoso akidhani anaenda kupewa dawa.

Ukipata linalofaa, mwombe daktari anayemtibu aandike barua au apige simu mwenyewe. Mimi nilipiga mara sita bila kufika popote. Daktari alipiga mara moja. Picha za karatasi zote zitumwe kabla ya safari, na subiri wakujibu kwamba wameziona.

Kisha ridhaa. Fomu iwe ya Kiswahili, na mgonjwa asomewe yeye, hata kama mtoto ndiye anayeshika simu. Asiyesoma ana haki ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha aweke dole gumba. Uliza kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kama ni dawa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza kama watu wanagawanywa kwa bahati, wengine wakapewa tiba ya kawaida. Mama alidhani kila anayeingia anapata dawa mpya. Uliza nani analipa akidhurika, nauli inarudishwa vipi, na hakikisha ameelewa kwamba anaweza kutoka siku yoyote na bado akatibiwa kama kawaida. Anayedai hela ya kukuingizia jina, mwache.

Wakati mnasubiri, msisimamishe tiba. Ni kweli mionzi au dawa ikishaanza, baadhi ya majaribio hayatampokea, na jambo hilo lilitunyima usingizi nyumbani. Tulimuuliza daktari waziwazi: tukisubiri wiki tatu, mama atapoteza nini? Akatujibu kwamba njia ya chakula haisubiri. Mama akawekewa mpira wa kutanua umio, yaani stenti inayobaki ndani, tukakubali kwamba kuna mlango mmoja tumeufunga. Siku ya tatu alikunywa mtori bila kuchuja, bakuli zima, akaomba mwingine.

Bahasha yake sasa ina nakala tatu za kila kitu, majibu ya kinyama yakiwa juu kabisa. Jumatatu daktari anapiga simu nyingine, ya jaribio linalokubali wenye mpira.