Somo: Matuta ya mboga uani, na namna ya kuwazuia paka

Paka anatafuta udongo mkavu, laini, usio na kitu juu yake, na tuta lililotoka kupandwa ni hilo hasa. Kumfukuza ni kazi isiyoisha. Mnyime udongo wazi.

Hatua ya 1. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Panga matofali hadi kimo cha sentimita 30. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chini usisakafie.

Hatua ya 2. Changanya ndoo 2 za udongo wa juu na ndoo 1 ya samadi iliyoiva. Iliyoiva haina joto wala harufu kali ya mkojo, na ukiifinya inapukutika. Mbichi itaunguza miche.

Hatua ya 3, na hapa usifanye haraka. Mwagilia, kisha tandaza wavu wa kuku juu ya udongo kabla ya kupanda. Ncha za waya zikunje chini zisikuchome, kingo zibane kwa mawe. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize. Zitaota kupitia matundu. Paka akija kufukua, kucha zinagonga waya, anaondoka. Ila mchicha huo usiung'oe, mizizi itakwama: kata kwa kisu juu kidogo ya udongo, utachipua tena. Karoti na figili lazima zing'olewe, kwa hiyo huko chomeka chelewa za mnazi zikiwa zimesimama, zikaribiane kiasi cha kiganja.

Hatua ya 4. Sukuma wiki na bamia zikishakua, jaza makumbi ya nazi katikati ya mashina. Nyasi laini usitumie, paka atazilalia.

Hatua ya 5. Mwekee choo chake: mchanga mkavu kwenye kona tulivu, mbali na matuta, nawe uusafishe kila siku. Wengi wanairuka hatua hii, nami naiona muhimu kama wavu.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Wameshajisaidia kwenye mchicha wangu, niung'oe wote?

Marahaba mwanangu. Vaa glavu, ondoa kinyesi pamoja na udongo ulio karibu, na mboga zilizoguswa tupa. Zilizobaki osha vizuri, pika ziive, usile mbichi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazima, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kama nyumbani kuna mjamzito, kazi hiyo afanye mwingine.

— Jirani ananishauri niweke nafthalini za kabatini.

Usiweke, dada. Ni sumu kwa paka, na mtoto mdogo ataidhani peremende.

— Mimi nina magunia tu barazani.

Inatosha. Kata wavu wa duara uenee mdomo wa gunia, toboa nafasi ya kila mche, ushonee pembeni kwa kamba ya katani.