Jinsi ya kusoma taya la fosili ujue kama ni la mamalia ama bado

Watu wakiona fosili wanaanza kutafuta manyoya, sasa manyoya huoza mapema mno, wewe nenda moja kwa moja kwenye taya la chini. Hesabu mifupa ya upande mmoja. Mjusi anayo kadhaa imeungana, mamalia ana mmoja tu, ule unaobeba meno. Ukikuta mmoja mkubwa halafu nyuma yake kuna vijifupa vidogo vidogo, tulia hapo, umepata kitu cha katikati, kati ya reptilia na mamalia.

Kisha angalia bawaba, yani pale taya linaposhikana na fuvu, hapa ndo utamu wenyewe. Kwa reptilia zinakutana mifupa miwili, mmoja wa taya mmoja wa fuvu, kwetu sisi mamalia mifupa hiyohiyo ilihamia sikioni ikawa vile vijifupa vya kusikia viitwavyo nyundo na fuawe, kwa hiyo unasikia kwa taya la mababu zako, sikutanii. Morganucodon, mnyama mdogo wa kale aliyeishi Wales kama miaka milioni 205 iliyopita alikuwa na bawaba zote mbili, ya zamani na mpya ile ya mfupa unaobeba meno, kwa wakati mmoja!

Meno yakigawana kazi, ya kukatia, chonge, magego, dalili nzuri ila usiishie hapo, maana Scalenodon, mnyama wa kale wa bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania alikuwa na magego ya kutafunia kabisa na bado hakuwa mamalia.

Na taya usiling'oe mwambani. Weka sarafu pembeni kama kipimo, piga picha, waite watu wa makumbusho.