Maharage machanga ya mafuta ya zeituni, kama tunavyoyapika Izmir, Uturuki

Usiyale ya moto. Ndilo neno la kwanza ninalomwambia mgeni anayechungulia sufuria yangu hapa Izmir. Zeytinyağlı, yaani mboga za kupikwa kwa mafuta ya zeituni bila nyama wala siagi, huliwa zikishapoa, na zikilala hadi kesho ndiyo utamu hasa.

Sokoni tafuta maharage machanga yale bapa. Wauzaji huyaita ayşekadın. Vunja moja: likikatika kwa mlio, nunua, likipinda, sogea meza nyingine. Kilo moja yatosha watu wanne. Toa nyuzi za pembeni pande zote mbili, na usifanye uvivu, maana uzi mmoja ukibaki utamkuta mtu menoni mbele ya wageni. Kata kila moja mara mbili au tatu.

Katakata vitunguu viwili, vitandaze chini ya sufuria. Juu yake weka maharage, kisha nyanya tatu zilizoiva sana, umezikwaruza na maganda umetupa. Chumvi, kijiko cha chai cha sukari cha kupunguza ukali wa nyanya, na mafuta ya zeituni nusu kikombe. Ndiyo, nusu! Anayebania mafuta apike kitu kingine. Maji ya moto robo kikombe tu, kwa kuwa mboga yenyewe itatoa maji. Funika, moto mdogo, dakika 45 hivi. Mwiko kaa nao mbali, utayavuruga. Ukihofia kuungua, shika sufuria uitikise.

Yaive mpaka yalainike kabisa. Wapenda mboga nusu mbichi watanung'unika, waache wanung'unike. Zima moto, yapoe humohumo sufuriani yakinywa mchuzi wake. Mkate wa kuchovya, basi.

Ukiwa mkahawani na huli nyama, usidanganywe na macho. Majani ya mzabibu yaliyoviringishwa yakiitwa etli yana nyama ya kusaga. Omba ya zeytinyağlı, yenye wali mtupu. Pilau nyeupe mara nyingi ina siagi. Supu ya dengu nyekundu nayo huonekana haina hatia, kumbe wengi huipika kwa maji ya mifupa. Kabla hujaagiza uliza: “İçinde et suyu var mı?”, yaani, “Je, ndani yake mna maji ya nyama?” Akijibu “var”, yaani yamo, hamia kwenye sinia la mboga baridi.