Cheti cha ubora cha vyombo vya umeme: kiombe kabla meli haijang'oa nanga

Kontena la birika na pasi za umeme likikwama Kilindini, tafuta kosa kiwandani. Cheti cha ulinganifu, ambacho mawakala wa forodha hukiita CoC, hutolewa kabla ya mzigo kuondoka nchi unakotoka, na anayekitoa ni kampuni iliyoteuliwa na KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, huko huko. Mpango huo umekuwapo tangu 2005. Basi anza kabla hujalipa hata arubuni.

Mwombe muuzaji ripoti ya maabara ya modeli ileile unayonunua. Birika hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya usalama, IEC 60335-1 pamoja na 60335-2-15, pasi kwa 60335-1 na 60335-2-3. Linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi, kwani herufi moja ikizidi, hiyo ni ripoti ya chombo kingine. Nembo ya CE, ile ya Ulaya, peke yake usiitegemee. Kwa vyombo hivi, hilo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Ndani ya ripoti, tafuta kipimo cha unyevu: chombo hukaa saa 48 penye unyevu wa 93%, kisha hupimwa kama umeme unavuja. Sisi wa pwani tusikiruke kipimo hicho, maana hewa yetu ni ya chumvi na jasho. Tazama pia ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini: kutoka kiungio chake ndani ya chombo hadi bati la nje, ukinzani usizidi omu 0.1. Ukizidi, waya wa moto ukigusa bati, fyuzi huenda isikatike, na mtu akiligusa atapigwa na umeme.

Halafu itisha picha ya lebo na ya plagi. Lebo ioneshe mtengenezaji, modeli, volti, hezi na wati. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Birika la wati 2000 lililotengenezewa volti 220 tu litavuta karibu wati 2380 hapa, kwa kuwa nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Dai 220–240 V, na ripoti iseme hivyohivyo. Plagi iwe ya BS 1363, pini tatu bapa na fyuzi ndani. Pini mbili zenye adapta zikatae.

Yakikaa sawa hayo, wakala wako afungue fomu ya IDF, yaani tamko la uagizaji, mtandaoni, nawe umpelekee muuzaji namba yake. Muuzaji ndiye huomba ukaguzi, akiambatanisha ankara ya awali na ripoti. Mkaguzi huutazama mzigo wenyewe kabla ya kupakiwa. Ukifeli, usikubali upakiwe kwa ahadi ya "tutarekebisha Mombasa". Ukipita, hakikisha idadi na modeli kwenye CoC zinaoana na ankara ya mwisho. Katoni zilizoongezwa dakika ya mwisho hazimo kwenye cheti.

Anayeleta bidhaa zilezile kila mara amshauri muuzaji azisajili chini ya mpango huo wa CoC, ukaguzi wa baadaye uwe mwepesi.

Friji na viyoyozi vinahitaji pia usajili wa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na lebo ya matumizi ya umeme, kwa kanuni za 2016. Mwisho, omba KEBS stika za ISM, alama ya ubora ya bidhaa za kutoka nje, kwa idadi kamili ya vipande, uzibandike kwenye kila kimoja kabla hakijaingia dukani.