Namna ya Kuitikia Amina katika Sala ya Kiyahudi

Katika sala ya Kiyahudi, anayeitikia amina huishuhudia baraka aliyoisikia na kuifanya iwe yake pia. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, imehifadhi kauli ya Rabi Yose kwamba mwitikiaji ni mkuu kuliko mwenye kutamka baraka, na ya Resh Lakish kwamba anayeitikia kwa nguvu zake zote hufunguliwa malango ya bustani ya Edeni. Rashi, mfafanuzi wa karne ya 11, alieleza kuwa nguvu hizo ni nia yote ya mtu. Kwa hiyo maandalizi huanzia moyoni.

Sikiliza baraka tangu mwanzo, na inapomalizika itika bila kukawia, ukiazimu moyoni kwamba yaliyosemwa ni kweli nawe unayaamini. Ikiwa ni baraka ya kuomba, kama zile za Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, zinazoomba uponyaji au mavuno mema, ongeza nia ya kwamba jambo hilo litimie.

Marabi walikemea amina za namna tatu. Iliyonyakuliwa hutamkwa kabla msomaji hajamaliza, na iliyokatwa humezwa mwisho wake. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni amina yatima: mtu huitikia kwa kuwa wengine wameitikia, ilhali hajui baraka ipi imesomwa. Hata hivyo, Talmudi inasimulia juu ya sinagogi la Aleksandria ya Misri, kubwa kiasi kwamba sauti ya msomaji haikuwafikia wote, hivyo mhudumu alipunga vitambaa ili watu waitikie. Wafafanuzi wanasema amina yao haikuwa yatima kwa sababu walifuata mpangilio na kujua ni baraka ipi iliyofikiwa.

Amina irefushwe kidogo, isizidi mno, na sauti yako isipite ya msomaji. Kwa kawaida mtu haitikii baraka yake mwenyewe, isipokuwa ile ya ujenzi wa Yerusalemu katika shukrani baada ya chakula. Aliye katikati ya Amida ya kimya naye haitikii.

Kadishi, sala ya kulitukuza jina la Mungu, inahitaji uangalifu wa pekee, nayo husomwa panapokuwapo watu wazima 10. Baada ya amina, mkusanyiko hutamka kwa Kiaramu "yehe shemeh rabba mevarakh", yaani jina lake kuu na libarikiwe milele, na Rabi Yehoshua ben Levi alifundisha kwamba anayeitikia hivyo kwa nguvu zake zote hupasuliwa hukumu mbaya iliyoandikwa juu yake. Acha mazungumzo yote kabla Kadishi haijaanza. Mtoto aliye karibu nawe mfundishe kuitikia mapema, kwani Rabi Moshe Isserles wa Kraków aliandika kuwa tangu mtoto anapoitikia amina ana fungu katika ulimwengu ujao.