Somo: Vishikio vya funguo kutokana na mabaki ya ngozi (soma mpaka mwisho kabla hujauliza)

Maswali ni yale yale kila wiki. "Fundi, mbona kingo hazing'ai?" "Mbona herufi nilizochapa zimefutika?" "Mbona rangi inachujia mkononi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Na mara nyingi chanzo cha kwanza ni kimoja: umefanyia kazi ngozi usiyoijua. Ukiruka hatua ya kwanza, zote zinazofuata utazilaumu bure.

Hatua ya 1: Ijue ngozi yako

Mfuko wa mabaki kutoka kwa fundi viatu, awe wa Mwanjelwa au wa sokoni Iringa, huwa na vitu vitatu vimechanganyika: ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, ngozi iliyolainishwa kwa chumvi za kromu, na ngozi bandia ambayo wengi tunaiita reksini. Reksini utaijua kwa kuigeuza: nyuma ina kitambaa kilichofumwa. Weka pembeni.

Hizo mbili zilizobaki, kata kipande kwa wembe mpya uangalie mkato wake. Ya magome ni kahawia kuanzia juu mpaka chini. Ya kromu mara nyingi ina ukijivu au ubuluu katikati, hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia. Ukiwa bado na shaka, chukua kipande cha ukubwa wa ukucha ukitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ya magome husinyaa, hujikunja na kuwa ngumu kama ganda. Ya kromu hutoka vile vile ilivyoingia. Jaribio hili halidanganyi.

Kwa somo hili tunatumia ya magome, unene wa milimita 2. Ya kromu nayo inatengeneza kishikio kizuri na laini, ila usiitegemee kushika herufi wala kung'aa kingo.

Halafu angalia imetoka sehemu gani ya mnyama. Vuta kwa mikono miwili. Ikinyumbuka kama mpira, hiyo ni ya tumbo, na funguo zitairefusha ndani ya miezi michache. Ya mgongoni haivutiki, ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 2: Chora na kata

Tengeneza kielelezo cha karatasi ngumu: urefu sentimita 17, upana sentimita 2.2. Katikati, kwa urefu wa sentimita 3, punguza upana ubaki sentimita 1.4, hapo ndipo pete itapita. Kata kwa rula ya chuma na wembe mpya, mara tatu kwa mkono mwepesi. Ukilazimisha kumaliza kwa mkato mmoja, wembe unalala na ukingo unatoka mshazari.

Hatua ya 3: Kuchapa herufi

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, na mimi nimeshaharibu za kutosha, kwa hiyo soma polepole. Kuchapa, yaani kugonga herufi za chuma kwa nyundo juu ya ngozi, kunafanyika kabla ya kukunja, kabla ya gundi na kabla ya rangi. Ukiweza, chapa kabla hata ya kukata umbo la mwisho, maana nyundo huitanua ngozi kidogo na mistari uliyochora hupinda. Lowesha kwa sifongo na maji safi, pande zote mbili, mpaka rangi iwe nzito sawasawa. Kisha subiri. Wengi wanachapa papo hapo ngozi ikiwa imelowa chepe. Herufi inazama vizuri, wanafurahi, na kesho yake imevimba na kujaa tena. Ngoja dakika 10 hadi 20, rangi ya juu ianze kurudi ilivyokuwa ila ukiiweka shavuni bado uhisi ubaridi. Wakati huo ndipo ngozi inapokea alama na kuishika. Weka juu ya jiwe bapa au chuma kinene, si juu ya meza ya mbao inayodunda. Piga mara moja, pigo zito na lililonyooka. Ukipiga mara mbili, herufi itajirudia kama kivuli.

Sasa maonyo.

Chuma na ngozi ya magome iliyolowa ni maadui. Dawa iliyomo kwenye magome ikikutana na chuma ndani ya maji inageuka wino mweusi, tena inazama. Rula yenye kutu, unga wa chuma uliobaki kwenye vidole, nyundo uliyoilaza juu ya ngozi ukaenda kunywa chai, hata maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu: vyote vinaacha madoa ya buluu-nyeusi. Herufi za chuma zenyewe zifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kila pigo na uziinue mara moja. Doa likiwa changa, chukua maji ya limau uliyozimua nusu kwa nusu, pakaa kipande kizima (si juu ya doa tu, utaacha duara), subiri dakika mbili tatu, kisha futa kwa maji safi. La wiki iliyopita halitoki.

Usikaushe kwenye jiko la mkaa, wala usiianike kwenye jua kali juu ya bati. Ngozi ya magome ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye joto la kama nyuzi 70, na ikishasinyaa hairudi. Ile iliyojikunja kwenye maji ya moto hatua ya 1 ndiyo hiyo hiyo. Iweke kivulini usiku mzima.

Hatua ya 4: Rangi

Pakaa kwa kitambaa, tabaka mbili nyembamba, za pande zote na kingo. Ikikauka, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke na rangi. Kinachochujia mkononi ni ile rangi ya juu ambayo hukuifuta.

Hatua ya 5: Punguza unene sehemu ya mkunjo

Upande wa nyama (ule wa ndani, usio laini), zile sentimita 3 za katikati, paruza kwa kisu kikali mpaka ubaki kama milimita 1.2. Usiende chini ya milimita 1, hapo ndipo funguo zinaning'inia.

Hatua ya 6: Pete na gundi

Ingiza pete kwanza. Pete ya kawaida ya mizunguko unaweza kuivisha baadaye, lakini ile ya umbo la D haina mlango.

Pakaa gundi ya viatu pande zote mbili za nyama, nyembamba, ukiacha sentimita 1 karibu na pete. Acha dakika 10 hadi 15, uguse: kidole kisinate wala kisitoke na uzi. Kutanisha, gongagonga kwa nyundo juu ya kitambaa. Gundi hii inashikana yenyewe kwa yenyewe ikiwa imekauka; ukiiunganisha mbichi umefungia unyevu ndani.

Hatua ya 7: Kushona

Chora mstari milimita 3.5 kutoka ukingoni, umbo la U, mdomo wa U uelekee kwenye pete. Kwa nafasi za matundu tumia uma wa jikoni: kandamiza meno yake juu ya mstari, kisha jino la kwanza liingie kwenye alama ya mwisho, uendelee. Toboa kwa msharasi ulionyooka wima, chini umeweka kandambili kuukuu.

Mshono wa kishikio hiki una urefu wa kama sentimita 13.5. Uzi ni mara nne ya mshono, pamoja na sentimita 20 za kushikia sindano, kwa hiyo kata sentimita 75. Sindano mbili, moja kila ncha. Kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili kutoka pande tofauti. Hii ndiyo tofauti na cherehani: uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Maliza kwa kurudi matundu mawili nyuma, kata, na uyeyushe ncha kwa kiberiti kama uzi ni wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba usiuchome, utaungua.

Asiyetaka kushona apige ribiti. Mguu wake uwe mrefu kuliko unene wa ngozi kwa milimita 2 hadi 3. Ukizidi hapo unapinda, ukipungua haukamati.

Hatua ya 8: Kingo

Msasa namba 120, kisha 220, kisha 400. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji na sabuni ya mche kidogo. Unyevu tu, maji yasishuke kwenye uso wa ngozi. Sugua kwa kipande cha jinzi, haraka na kwa mkono mwepesi, mpaka usikie ukingo umepata moto. Joto la msuguano ndilo linalong'arisha. Ukikandamiza sana ukingo unatanuka kama uyoga. Nta ya nyuki ndiyo ya mwisho kabisa. Ukiitanguliza, maji hayaingii tena wala rangi haishiki.

Mabaki ya mabaki: ya kromu msiyawashe jikoni. Kromu ikiungua inaweza kugeuka kuwa ya aina yenye sumu, na moshi wake haufai karibu na chakula.

MASWALI

Mdau, Makambako: Yangu haing'ai. Msaada tafadhali.

Jibu: Ngozi ya aina gani?

Mdau, Makambako: Ya kawaida tu.

Jibu: Hakuna ngozi ya kawaida. Rudi hatua ya 1, chemsha kipande, uje na jibu.

Mdau, Tukuyu: Shikamoo fundi. Nimechemsha vipande viwili kama ulivyoelekeza na kweli kimoja kimejikunja. Naomba kujua kwa nini hicho hicho kinachoshindwa na moto ndicho kinachoshika herufi?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kufanya kabla ya kuuliza. Dawa ya magome inajaza nafasi kati ya nyuzi za ngozi. Ukilowesha, nyuzi zinateleza; ukikandamiza zinalala, na zikikauka zinabaki zimelala. Kromu haijazi. Inazifunga nyuzi zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo imara, ndiyo maana zinavumilia maji ya moto, na ndiyo maana zinarudi zilipokuwa ukishaondoa nyundo. Kwa kiwanda kromu ina faida kubwa: ngozi inaiva kwa siku moja mbili, wakati magome yanataka wiki nyingi, pengine miezi. Na magome yenyewe yako kwetu. Miwati ya Njombe, mti ulioletwa kutoka Australia, ilipandwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa pale mwaka 1949 ili kukamua dawa ya kulainishia ngozi kutoka kwenye magome yake.

Mdau, Tukuyu: Ndaga fijo, fundi. Nimeelewa.

Mdau, Mafinga: Mimi natumia supa gluu mwaka wa pili sasa, haijawahi kuachia. Unawatisha watu na hizo dakika 15.

Jibu: Sijamtisha mtu. Supa gluu ikikauka inakuwa kama kioo, na kishikio cha funguo kinapindwa mfukoni kutwa nzima. Pasipopinda itashika. Kwenye mkunjo itavunjika na kuacha ukanda mgumu usioingia sindano. Kama yako zimedumu, ni vizuri. Ninayemfundisha hapa anauza kwa mteja atakayerudi.

Mdau, Iringa: Kamwene fundi. Gundi yangu asubuhi inaota utando mweupe na haishiki, ila mchana inashika vizuri. Kopo ni hilo hilo.

Jibu: Kamwene. Umeangalia vizuri. Gundi inapokauka, dawa yake inapaa na kuupoza uso wa ngozi. Asubuhi ya Juni au Julai huku kwetu hewa ni ya baridi na ina ukungu, kwa hiyo umande unatua juu ya gundi. Utando ni maji hayo. Fanya kazi kuanzia saa nne, ngozi na kopo vikae ndani usiku. Kwa Njombe na Makete subirini hata dakika 25. Usipashe gundi kwenye jiko hata kidogo, mvuke wake unalipuka.

Mdau, Vwawa: Pete bei gani? Nipigie.

Jibu: Uliza maduka ya vifaa vya mabegi hapo ulipo. Sipigi simu.

Mdau, Njombe: Fundi, hilo doa jeusi la chuma, hatuwezi kulitumia makusudi kama rangi?

Jibu: Tunaweza, na ni nyeusi isiyochuja kwa sababu imo ndani ya ngozi. Chukua stili waya ile inayoshika kutu, ioshe mafuta kwa sabuni, itumbukize kwenye siki nyeupe. Kifuniko kisikazwe, kuna gesi inatoka, na chombo kikae mbali na moto. Siku 5 hadi 7, kisha chuja kwa kitambaa. Pakaa, ngozi inageuka mbele ya macho yako, kwanza kijivu, halafu buluu, halafu nyeusi. Baada ya dakika 20 suuza kwa bekingi soda, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji, kisha maji matupu. Usipoizima siki, ngozi itakauka na kupasuka.

Mdau, Njombe: Na ikitoka kijivu tu?

Jibu: Dawa ya magome ni chache humo. Chemsha majani ya chai, ya Mufindi au ya Rungwe, vijiko vinne kwa kikombe kimoja. Yakipoa kabisa pakaa ngozi, iache ikauke, ndipo upake ile ya chuma. Chai ina dawa ya jamii hiyo hiyo.

Mdau, Kyela: Mafuta ya kupaka mwisho? Nina ya alizeti nyumbani.

Jibu: Ya alizeti yanaganda polepole na kunata, vumbi litashika. Yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nyonyo sehemu mbili, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Watu wa Kyela mnaweza kuweka ya nazi badala ya nyonyo. Huku juu yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24, dawa inakuwa ngumu kama mshumaa na inabidi uipashe kiganjani kwanza.