Kumwaga matope ya bandari baharini: venye kibali kinatafutwa, hatua kwa hatua

Hii ni ya wale wenzangu wa kazi za mazingira hapa Nairobi ambao mmepewa, ama mko karibu kupewa, kazi ya pwani ambapo dreja (meli ya kuchimba chini ya maji) itachimba kina cha bandari na kontrakta anataka kwenda kumwaga hilo tope baharini. Bosi atakwambia "andika ripoti tupeleke NEMA pale South C wiki ijayo", yaani mamlaka ya mazingira ya taifa. Usianze na ripoti. Ripoti inakuja mwisho kabisa juu kila sentensi ndani yake inategemea vipimo ambavyo sai huna.

Kabla ya hatua yoyote jua sheria inafikiria aje. Kuna Mkataba wa London wa 1972, halafu kuna Itifaki yake ya 1996 iliyoanza kutumika 2006, na Kenya iko ndani. Mkataba wa zamani ulikuwa na orodha ya vitu vilivyokatazwa. Itifaki ikageuza: kila kitu ni marufuku kutupwa baharini isipokuwa vichache vilivyotajwa kwenye Kiambatisho cha 1, na tope la kudreji ni mojawapo. Kuwa kwa hiyo orodha si ruhusa bana, maana yake ni kwamba unaweza kuomba tu. Venye ofisa atapima ombi lako iko kwenye Kiambatisho cha 2, kisome chote, si kirefu. Na kuna wajanja wanaosema wacha tumwage ndani ya hori, Itifaki ikisema bahari haihesabu maji ya ndani ya nchi. Ni kweli haihesabu, lakini hapo unaangukia EMCA, sheria yetu ya mazingira ya 1999, na kanuni zake moja kwa moja, na Itifaki yenyewe inataka nchi iwe na njia ya kudhibiti hata huko ndani. Hakuna shortikati hapo.

Hatua ya 1: uliza kama lazima liende baharini

Hili swali liko ndani ya Kiambatisho cha 2 na watu wengi wanalijibu kwa sentensi moja ya uvivu, "njia zingine hazifai". Hazifai kwa nini? Kama unachochimba ni mchanga safi unaweza kujaza nyuma ya gati ama kurudisha kwa ufuo unaoliwa na mawimbi, na ukiweka kwa lengo la maana kama hilo Itifaki haikuhesabu kama mtu anayetupa, mradi usiende kinyume na malengo yake. Tope laini ni stori ingine, lina chumvi, linakauka polepole na linataka shamba kubwa la kulianika. Andika gharama za kila njia. Ofisa akiona hesabu anajua ulifikiria.

Hatua ya 2: sampuli

Hapa ndio kazi yenyewe iko, na hapa ndio kontrakta atataka kubana pesa.

Idadi ya vituo vya kuchukua sampuli inategemea utachimba kiasi gani. Mwongozo ambao wengi wetu huufuata ni ule wa OSPAR, tume ya nchi za Atlantiki ya kaskazini mashariki, ambao unasema hivi: hadi mita za ujazo 25,000 vituo 3, kutoka hapo hadi 100,000 vituo 4 hadi 6, hadi 500,000 vituo 7 hadi 15, hadi milioni 2 vituo 16 hadi 30, na ukizidi hapo unaongeza 10 kwa kila milioni. Kwetu si sheria, lakini ukiulizwa mbona ulichukua vituo vinane una jibu la kusimama nalo.

Usikubali sampuli ya juu juu pekee. Kontrakta atakuja na ile graba ndogo inayokwangua sentimita chache za juu, ni rahisi na inaisha asubuhi moja. Kama utachimba mita tatu, bomba la sampuli lishuke mita tatu, halafu ulikate vipande na kila tabaka liende labu kivyake. Tabaka la juu linaweza kuwa safi na hapo chini kukawa na miaka ya rangi za meli, ile sumu ya tributiltini iliyokuwa kwa rangi za kuzuia chaza wasishike, ambayo ilipigwa marufuku na mkataba wa IMO (shirika la bahari la Umoja wa Mataifa) ulioanza kutumika 2008. Ukiifukua leo imerudi majini leo.

Labu waambie waanze na saizi ya chembe. Sumu hushika chembe laini, zile za chini ya mikroni 63, mchanga haushiki sana. Ndio maana namba ya risasi kwa tope haiwezi kulinganishwa na namba ya risasi kwa mchanga kabla hujasawazisha, na ripoti nyingi zinaweka zote kwa tebo moja kama ndugu. Baada ya hapo zebaki, kadimiamu, risasi, shaba, zinki, mafuta, PCB (kemikali sumu za vifaa vya umeme vya zamani), kaboni ya viumbe, na hiyo tributiltini kama kuna chelezo ama karakana ya meli karibu. Kuna kesi ambazo kemia yote inaweza kusamehewa, mfano unachimba mwamba ama mchanga mtupu, ama udongo wa chini ambao haujawahi kuguswa na binadamu. Hiyo pia uithibitishe kwa saizi ya chembe, si kwa mdomo.

Hatua ya 3: soma majibu ya labu

Itifaki inataka kila nchi iwe na orodha ya viwango, cha juu ni lazima na cha chini nchi inaweza kuongeza. Chini ya kiwango cha chini, endelea. Juu ya kile cha juu, hilo tope haliendi baharini vile lilivyo. Katikati ndio watu huumia, kwa sababu lazima ufanye vipimo zaidi, mara nyingi vya viumbe hai, unaweka vidudu vya baharini ndani ya hilo tope siku kumi unahesabu wangapi wamebaki. Inakula muda na si kila labu inafanya, kwa hivyo ulizia mapema, na ongea na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi kule Mombasa, kabla hujaandika ratiba. Na tafadhali usichanganye tope chafu na safi ili wastani ushuke. Ofisa atataka kuona kituo kwa kituo.

Hatua ya 4: pahali pa kumwaga

Fungua chati ya bahari, usitumie picha ya setelaiti pekee. Toa kwanza matumbawe, nyasi za bahari, mikoko, hifadhi kama ile ya Mombasa iliyotangazwa 1986, njia ya meli, na nyaya za intaneti, kumbuka TEAMS, SEACOM na EASSy zote zinaingilia Mombasa. Halafu toa maeneo ya wavuvi, na hayo hayako kwa chati yoyote, nitayarudia. Kinachobaki huwa ni kidogo kuliko mteja alivyodhani.

Kisha mkondo. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini, msimu wa kusi unapata nguvu sana na kaskazi ikivuma unapungua. Tope uliloona likitulia Januari linaweza kufika mbali Julai. Modeli iliyopigwa kwa msimu mmoja usiipokee. Na ndani ya mwezi kuna bamvua na maji mafu, bamvua maji yanakimbia zaidi na wingu la tope linaenda mbali zaidi. Amua pia unataka eneo gani, la tope kukaa chini palepale ama la kusambaa polepole, kwa sababu ukaguzi wake ni tofauti kabisa.

Hatua ya 5: hesabu ya kiasi

Hii ndio inaleta ugomvi kwa saiti kuliko sumu yoyote. Chukua hopa, lile tangi la dreja la kubebea tope, ya mita za ujazo 5,000 imejaa. Ndani ni tope na maji, densiti ya mchanganyiko tuseme tani 1.25 kwa mita ya ujazo, maji ya bahari 1.025, tope likiwa bado limelala chini 1.5, na chembe zenyewe 2.65. Toa maji kwa zote: 0.225 gawanya na 0.475, zidisha kwa 5,000, unapata karibu mita za ujazo 2,368 za tope kama lilivyokuwa chini. Uzito mkavu: 0.225 gawanya na 1.625, zidisha 2.65, zidisha 5,000, karibu tani 1,835.

Umeona? Safari moja, namba tatu. Nahodha ataandika 5,000, sevea ataandika 2,368 na wewe ulikuwa umeomba kibali kwa tani. Baada ya mwezi mmoja mtu atasema mmepitisha kibali na mwingine atasema hamjafika nusu na wote wawili wana makaratasi. Kwa ombi lako andika wazi ni kipimo gani, na kilazimishe kwa mkataba wa kontrakta vilevile.

Hatua ya 6: watu wa bahari

Kanuni za EIA za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, mabango, tangazo la gazeti na la redio. Timiza hayo yote, lakini pia tumia akili. Usiite wavuvi mkutano saa mbili asubuhi siku ambayo maji ni mazuri, utapata wazee wawili na chifu. Pitia BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, uliza wao ni siku gani. Beba ramani kubwa ya karatasi na kalamu, wachore wenyewe wanapotega na msimu gani, hiyo karatasi ipige picha iingie kwa ripoti. Mara nyingi ndio itakuhamishia eneo la kumwaga, na afadhali uhame sai ukiwa na penseli.

Anayeona hii ni formaliti asome kesi ya bandari ya Lamu. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe karibu shilingi bilioni 1.76, na moja ya mambo yaliyofanya mradi ushindwe kortini ni wananchi kutoshirikishwa na kutopewa habari ipasavyo.

Hatua ya 7: masharti

Sasa andika ripoti, isainiwe na mtaalamu aliyesajiliwa NEMA, na nakala ya barua yako ya kwanza ya ombi iende KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini) na KPA (mamlaka ya bandari) pia, usingoje waulize. Mimi hupendelea kupendekeza masharti mwenyewe kabla hayajaandikwa na mtu asiyejua dreja: kila safari iwe na rekodi ya GPS, saa na pahali milango ya hopa ilifunguliwa, na kina cha chombo kabla na baada. Hiyo ya kina ndio inamshika yule anayemwaga njiani ili awahi kurudi, chombo kikipanda juu kabla ya kufika eneo basi mzigo umeshuka.

Kwa ukaguzi, usiandike "tutafuatilia ubora wa maji". Andika unachotarajia kitokee, mfano tope halitafika kwenye matumbawe ya upande wa kaskazini, halafu weka kipimo pale matumbawe yalipo, kipimo cha kabla ya kazi kuanza na kiwango ambacho kikipitwa dreja inasimama. Nani anapiga simu, nani anasimamisha, baada ya dakika ngapi. Mwisho wa mwaka jumlisha safari zote kwa kipimo kilekile cha kibali uwape mamlaka, juu nchi inatakiwa kuripoti IMO vibali ilivyotoa na kiasi kilichomwagwa, na kama zile namba tatu bado zinapigana kwa eksel yako hapo ndipo zitaonekana.